Mlio wa Pili

Karakana nzima ilimwita Dakika, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa kinywa chake. Ukimwomba bisibisi, atakwambia "dakika moja." Ukimwita chai, "dakika moja." Bosi akiuliza kazi imefika wapi, jibu ni lilelile, na dakika yenyewe ilikuwa na tabia ya kuzaa dakika nyingine. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mwoga wa mijusi, mwoga wa lifti, mwoga wa simu zinazolia alfajiri. Mbele ya kompyuta tu ndipo woga ulipomwacha, akawa mtu mwingine kabisa.

Kazi yake ilikuwa kuviandikia vyombo vya elektroniki, saa zikiwemo, zile programu ndogo zinazoviendesha, ambazo wenye kazi huziita draiva. Mama yake mpaka leo huwaambia majirani kwamba binti yake ni dereva wa saa. Jirani mmoja aliwahi kuuliza kama kwenye hiyo saa kuna nafasi ya utingo.

Mwaka ule karakana ilipata kazi ya wenye bwawa. Bwawa lenyewe liko juu, na kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, lango lake hufunguliwa ili maji yateremke kwenye mashamba ya chini. Siku nyingine mto ni mchanga mtupu, na palipo na mchanga hapakosi wachimbaji. Hushuka na makoleo yao kunapopambazuka, wakachimba mashimo yanayopita kimo cha mtu, wakapakia malori. Maji yakishatoka langoni huwafikia kwa dakika ishirini, wala hayapigi hodi. Mwaka juzi yalimchukua mtu mmoja, na koleo lake lilionekana siku mbili kabla yake.

Wachimbaji walikuwa na njia yao ya kujilinda. Kwenye kona ya mto kuna jiwe kubwa, na siku za maji mmoja wao alikaa pale juu na debe tupu na kipande cha mti, macho yote upande wa bwawa. Akiona povu tu, analipiga debe mpaka wote wapande. Hakuna aliyeipenda zamu hiyo, maana aliyekaa jiweni hakuchimba, na asiyechimba siku hiyo alirudi nyumbani mikono mitupu.

Ndipo wenye bwawa wakataka king'ora cha kujiendesha chenyewe. Pale mtoni hapana umeme wala mtandao wa maana, kwa hiyo kisanduku kilitakiwa kilale usingizi mzito ili kisimalize betri, kiamke saa nne kasorobo, kilie, kisha kilale tena mpaka siku nyingine ya maji. Ndani yake mna chipu ya saa, ndogo kama punje ya mahindi, yenye kabetri kake, isiyosinzia hata mara moja. Draiva ya zamani ilijua kuiuliza chipu ile ni saa ngapi, basi. Kuiambia "niamshe saa fulani" haikujua. Kuifundisha hilo ilikuwa kazi ya Dakika, na kazi yenyewe aliiomba, kwa sababu mmoja wa wachimbaji wale alikuwa kaka yake.

Wala hakuwa kaka wa kusemea tu. Baba yao alipofariki, kaka huyo alikuwa na miaka kumi na saba. Aliacha shule, akanunua koleo, akashuka mtoni, na mchanga ndio uliomsomesha mdogo wake mpaka akahitimu. Sasa alikuwa na miaka hamsini kasoro, mgongo umeanza kupinda, viganja vigumu kama gome la mti. Aliposikia mdogo wake ndiye anayetengeneza king'ora, alitamba mtoni wiki nzima mpaka wenzake wakamwomba apumzike.

Kisanduku kilifungwa juu ya nguzo siku ya Ijumaa, kikawashwa. Jumatatu, saa nne na nusu, simu ya Dakika ikaita.

"Mdogo wangu! Kimelia!" Kaka alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya pili. "Kimelia mpaka kunguru wamehama! Tumepanda wote, tumekaa ukingoni, tumekunja nne, maji yanapita tunayatazama kama sinema."

"Nilikwambia, kaka."

"Uliniambia. Na lile jiwe tumeliaga leo leo. Hakuna tena mambo ya zamu ya debe. Kikilia tunapanda, kisipolia mto ni wetu."

Dakika alicheka naye. Alifurahi mno kiasi kwamba yale maneno ya mwisho yalimpita tu. Siku tatu zilizofuata alitembea karakanani kwa mwendo ambao hata yeye hakujua kuwa anao.

Alhamisi asubuhi, saa mbili na nusu, aliketi mezani kujaribu kisanduku cha pili, kilichokuwa kinaandaliwa kwa ajili ya kona nyingine ya mto. Badala ya king'ora, ambacho kingewapasua watu masikio, mezani alifunga taa ndogo nyekundu. Taa ikiwaka, king'ora kimelia.

Hapa inabidi nieleze kitu kimoja kuhusu mafundi. Wote wana dawa moja, nayo ni zima uwashe. Redio ikikoroma, zima uwashe. Kompyuta ikigoma, zima uwashe. Dakika aliifuata dawa hiyo kuliko wenzake. Kabla ya kila jaribio alizima swichi ya waya wa umeme uliopita mezani, akahesabu mpaka tano, akawasha, ili kisanduku, kwa maneno yake, kianze na moyo safi. Alikuwa amekijaribu king'ora kwa namna hiyo zaidi ya mara mia mbili. Mara zote zaidi ya mia mbili taa iliwaka.

Siku hiyo meza ileile ilikaliwa pia na fundi wa kuunganisha waya, mama mnene wa vicheko ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi. Dakika alifanya jaribio la kwanza, taa ikawaka. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"We!" Shangazi akauzuia mkono ule kwa kiwiko. "Leo swichi hiyo usiiguse kabisa. Chuma changu cha kulehemu ndiyo kwanza kimepata moto, na nina vibao kumi na viwili hapa."

"Nazima sekunde tano tu, Shangazi."

"Sekunde zako nazijua mie. Zina watoto."

Wakacheka. Dakika akaacha. Akaweka mlio mwingine, dakika tatu mbele, bila kuzima. Akaegemea kiti, akaitazama taa.

Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikafika. Taa haikuwaka. Akatazama skrini: saa ya chipu ilikuwa sawa, muda wa kuamka ulikuwa sawa, na ulikwishapita. Akajiambia amekosea kuandika. Akarudia kwa makini, kidole kwenye kila tarakimu. Taa ikakaa vilevile, nyeusi.

Akaiuliza chipu yenyewe ina nini tumboni. Chipu ikajibu, na jasho jembamba likamtoka Dakika chini ya nywele.

Chipu ya saa, muda ukifika, huinua bendera yake ndogo ndani, na kuinuka kwa bendera ndiko kunakokiamsha kisanduku. Aliyeamshwa anatakiwa aishushe. Asipoishusha, mara ya pili chipu itataka kuinua bendera ambayo tayari iko juu, kama mwanafunzi ambaye hakuushusha mkono tangu swali la kwanza, na mwalimu hataona jipya. Kisanduku kitaendelea kulala. Draiva ya Dakika haikuwa na mstari wa kuishusha bendera. Kwa majaribio yote yale bendera ilishushwa na zima uwashe, kwa sababu kisanduku kikianza upya husafisha kila kitu. Mazoea yana taabu. Mkono wake mwenyewe ulikuwa unaifanya kazi ya draiva, na yeye anaisifu draiva.

Mtoni hapana mtu wa kuzima na kuwasha. Kisanduku kiliwashwa Ijumaa. Jumatatu kililia mlio wa kwanza. Leo ilikuwa zamu ya mlio wa pili.

Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa tatu na dakika nane.

Alishika simu, akampigia kaka yake, huku akijua fika kwamba simu za wachimbaji hukaa ndani ya kopo lililofungwa mtini juu ya ukingo, zimezimwa, zisiingie mchanga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara nne, kana kwamba yule mwanamke wa kwenye simu angechoka na kumwonea huruma.

Mtu wa kuzuia maji alikuwa mmoja tu, yule anayelifungua lango, na namba yake Dakika hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mhandisi wa bwawa. Na mhandisi wa bwawa alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, ndani ya chumba cha mikutano, pamoja na wenzake wawili na bosi, tayari kutia sahihi ya visanduku arobaini vingine. Bosi, ambaye walimwita Leoleo kwa sababu kila kazi aliitaka leo leo, alikuja na shati lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe, akanunua biskuti za sahani mbili, na akawatangazia wote: "Asiingie mtu. Nyumba ikiungua, iungue kimyakimya."

Dakika alisimama. Kisha akakaa tena.

Usimcheke. Hofu ina ujanja wake, hukujia imevaa nguo za uangalifu ukadhani ni akili. Alijiambia ahakikishe mara moja zaidi, asije akawatia watu kiwewe bure. Akaweka mlio mwingine, dakika tatu mbele. Wakati anasubiri, vidole vyake vikaandika mistari miwili ya kuishusha bendera. Miwili tu! Aliitazama akataka kulia. Mistari miwili, na hakuna njia ya kuifikisha kwenye nguzo ile, maana kisanduku hakina simu wala mtandao. Taa haikuwaka. Akaanza jaribio jingine tena, eti kwa uhakika. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa mlango ule kuliko alivyoyaogopa maji, na alilijua hilo hata alipokuwa anajidanganya.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?" Shangazi aliuliza. "Unaumwa?"

"King'ora cha mtoni hakitalia leo."

Shangazi akaweka chini chuma chake. "Kaka yako si yuko huko?"

"Yuko huko."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini, mwanangu?"

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tatu. Dakika kumi na tano zilikuwa zimeteketea mezani pale, na Dakika angeziota kwa miezi.

Mlangoni alisikia sauti ya mhandisi, nzito na yenye furaha. "Jumatatu nilisimama mwenyewe pale mtoni. Kimelia wakati uleule, bila kuchelewa hata kidogo." Na bosi akajibu, "Sisi hapa, mzee, hatuna kazi za kubahatisha." Mkono ulipiga hodi wenyewe.

"Dakika, baadaye," Leoleo alisema, akitabasamu kwa meno bila macho.

"Hakuna baadaye, bosi." Sauti ilitoka ndogo, akaikohoa, akairudia. "King'ora cha mtoni leo hakitalia. Kosa ni langu. Kinalia mara ya kwanza tu, ya pili hakiamki. Lango lisifunguliwe."

Biskuti ilibaki mkononi mwa mgeni mmoja, nusu ya safari.

"Anatania huyu," bosi alisema. "Ni mtu wa utani sana."

Mhandisi wa bwawa alikuwa mtu mzima, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumtazama bosi. "Una hakika, binti?"

"Nina hakika, mzee."

"Hakika ya kiasi gani? Mimi nikizuia maji leo, mashamba yote ya chini yatapiga simu kwangu."

"Kaka yangu yumo ndani ya shimo, mzee. Nina hakika."

Mhandisi akatoa simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Akaitazama saa yake. "Ameshashuka chini kwenye mitambo. Akishuka huacha simu juu mezani." Alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha Dakika kuliko kama angefoka.

Akampigia mlinzi wa geti la barabarani. Huyo akapokea. Mhandisi akamwambia apande baiskeli, akimbie mpaka langoni, amwambie mwenzake asiguse gurudumu la kulifungulia. Mlinzi akauliza kama aache geti wazi. "Liache!" Akauliza tena kama ataandikiwa kosa. Mhandisi akapiga meza kwa kiganja, sahani za biskuti zikaruka. "Panda baiskeli, bwana!"

Kutoka getini mpaka langoni ni mwendo wa mlima. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tatu.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya, na huko ndiko kuogopa kwenyewe. Watu wanne wazima walikaa kuizunguka simu moja. Dakika hakukaribishwa kiti wala hakukitaka. Kila alipofumba macho aliliona shimo na mgongo wa kaka yake, ule uliopinda kwa ajili yake, ukiinama na kuinuka, na nyuma yake jiwe ambalo halina mtu. Sasa yale maneno ya Jumatatu yalimrudia neno kwa neno. Kisipolia mto ni wetu. Zamani walikuwa na debe. Yeye ndiye aliyewaondolea debe.

Saa nne kasorobo ikafika. Kutoka pale hakuna ambaye angeweza kusikia king'ora, hata kingekuwa kinalia, lakini wote walitega sikio. Ikafika saa nne kasoro dakika tano. Ikafika saa nne. Simu ikalala mezani. Leoleo alikuwa ameanza kulowa kwapani, shati lake likaacha kusimama. Saa nne na dakika tatu simu ikaita, na mhandisi akaiweka sauti ya nje.

"Mzee, huyu mlinzi ananiambia mambo siyaelewi," sauti ilisema, inahema. "Mimi nilikuwa nimeshashika gurudumu."

"Umefungua?"

"Nimezungusha mara mbili tu, mzee. Ndiyo nikamsikia anapiga mayowe."

"Funga."

"Nimeshafunga. Lakini kidogo yametoka."

"Kidogo cha kiasi gani?"

Mtu wa lango alifikiri, na Dakika alimsikia akifikiri. "Ya miguuni, mzee. Ikizidi sana, ya magotini."

Maji ya magotini kwa mtu aliyesimama ukingoni ni mchezo. Kwa mtu aliye ndani ya shimo linalopita kimo chake, lenye kuta za mchanga, maji hayohayo yanaweza kuuangusha ukuta juu yake. Dakika alilijua hilo tangu utotoni. Alipozinduka alikuta ameshaingia kwenye gari la mhandisi, kompyuta imekumbatiwa kifuani, na hakumbuki ni nani aliyemfungulia mlango.

Safari ilikuwa dakika arobaini. Mhandisi aliendesha mwenyewe. Katikati ya njia lori la mchanga liliwapita likielekea mjini, limejaa, linachuruzika maji nyuma, na dereva wake anapiga mluzi. Dakika alijaribu kusoma habari njema kwenye mluzi ule.

Alipofika alikimbia mpaka ukingoni, kiatu kimoja kikabaki njiani. Chini aliwaona. Walikuwa wamekaa kwenye mchanga wanakunywa maji, wamelowa mpaka mapajani, wanacheka. Akaanza kuhesabu vichwa, akapotea hesabu, akaanza upya, na kabla hajamaliza kimoja kati ya vichwa vile kikainuka na kumpungia mkono.

"Mdogo wangu! Umekuja kutusalimia na kiatu kimoja?"

Alishuka kwa makalio. Alimshika kaka yake mikono, akaigeuza, akaitazama, kama mtu anayekagua bidhaa. Kaka alikuwa anacheka bado. "Umekosa vituko vya leo. Kumekuja kamaji, kadogo tu, ka kunawa miguu. Yule pale alitaka kukimbia." Alimwonyesha kijana mmoja aliyeinamisha kichwa kwa aibu. "Tukamzomea! Tukamwambia, kaa chini wewe, king'ora hakijalia. Ukuta mmoja ukabomoka kidogo pale, tukauondoa, tukaendelea kuchimba."

Dakika aliutazama ukuta uliobomoka. Ulikuwa umeangukia mahali penye koleo la kaka yake.

Waliyaona maji kwa macho yao, wakakaa. Kisanduku chake kilinyamaza, nao wakakiamini kimya chake kuliko miguu yao iliyokuwa inalowa.

Akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, bendera, swichi, Shangazi, gurudumu, lakini walimwelewa. Kicheko kikafa kimoja kimoja. Yule kijana aliyezomewa akainua kichwa taratibu.

"Kwa hiyo leo yalikuwa yaje yote," kaka alisema.

"Yote, kaka."

"Na sisi tungekaa."

Kaka alilitazama shimo, kisha akaitazama nguzo juu ya ukingo na kisanduku chake cha rangi ya machungwa. Dakika alingoja matusi. Aliyataka. Kaka alijipangusa mchanga magotini, akawageukia wenzake.

"Debe liko wapi?"

Ikaonekana mmoja alilipeleka nyumbani, anahifadhia unga. Akatumwa alifuate saa ileile.

Mchana huo Dakika alipanda ngazi ya nguzo, bisibisi ikamwanguka mara mbili, akaingiza ile mistari miwili. Juu ya kifuniko akaandika kwa wino mzito: USIZIME, USIWASHE, USIGUSE. Sahihi ya visanduku arobaini haikutiwa. Leoleo hakumfukuza kazi, ila Ijumaa asubuhi alimpitia bila salamu, na jioni akamwambia, "Tutaona Alhamisi." Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yule kukubali kitu kisiwe leo.

Jumatatu kililia. Watu mtoni walishangilia, Shangazi akapiga vigelegele karakanani. Dakika hakucheka. Mlio wa kwanza haukumwambia kitu. Hata kilipokuwa kibovu kililia Jumatatu. Siku tatu hakula vizuri. Usingizini alikuwa anahesabu mpaka tano na mkono unatafuta swichi.

Alhamisi, saa tatu na nusu, alishuka mtoni akaingia ndani ya shimo. Mhandisi alikuwa amesimama ukingoni na simu sikioni, na mtu wa lango alikuwa ameambiwa asiguse gurudumu mpaka asikie sauti yake. Kwa hiyo hatari hapakuwa. Mwili wa Dakika haukuambiwa hivyo. Kutoka shimoni mbingu ilikuwa kipande kidogo, kuta zilikuwa zinadondosha mchanga punje punje, na kila punje iliposikika ikianguka aligeuka kuutazama ukuta. Miaka thelathini na zaidi kaka yake alifanya kazi humu. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

"Si ungekaa juu na mzee wa bwawa?" kijana yule aliyezomewa alimuuliza.

"Nikae juu nisikie nini? Nataka kusikia mnavyosikia ninyi."

Saa nne kasoro dakika kumi na sita. Alishika saa yake ya mkononi kwa mkono mwingine, kama inaweza kukimbia. Wachimbaji waliacha kuchimba bila kuambiwa. Sekunde zikahesabika. Ikawa kasorobo kamili, na kimya. Sekunde moja. Ya pili. Dakika alifungua kinywa apige kelele.

King'ora kikalia. Kililia juu ya vichwa vyao mpaka mchanga ukatetemeka ukutani, kikalia kirefu na kibaya, na wachimbaji wakashika makoleo wakaanza kupanda. Dakika hakuweza kupanda. Machozi yalimshuka mpaka shingoni, akakaa palepale mchangani na kinywa bado wazi.

Ndipo akasikia kitu kingine chini ya sauti ya king'ora. Kwenye kona ya mto, juu ya jiwe, kaka yake alikuwa amesimama wima analipiga debe. Alilipiga kwa nguvu zake zote, mgongo wake mbovu ukiyumba, na hakuacha mpaka mtu wa mwisho alipokuwa juu na yule kijana alipomshika Dakika makwapani akamkokota hadi ukingoni. Ndipo akashuka jiweni, anahema, akaja kukaa karibu yake.

"Kimelia, kaka," Dakika alisema. "Hukukisikia? Kimelia."

"Nimekisikia. Kizuri sana." Aliliweka debe kati ya magoti yake, akalipapasa mahali lilipobonyea. "Kikilia nitapiga. Kisipolia nitapiga zaidi."

Neno hilo lilimwuma, na alikuwa amelisubiri tangu wiki iliyopita. Akaegemea bega la kaka yake, wakayangoja maji pamoja. Yalipofika yakiwa na povu lake, yakajaza lile shimo alilokuwa amekaa na kulipita, Dakika alikuwa anahesabu vichwa kwa kidole, na safari hii alihesabu mpaka mwisho.